Vunja Jungu la Msasani

Mwezi mzima wa Shaaban Azza alikuwa hakaliki. Akianza kuchambua mchele, huacha ungo katikati akaenda dirishani. Akifika dirishani, anakumbuka mchele. Jirani zake wa Mtaa wa Mkunguni walimwona anatoka na kurudi, anatoka na kurudi, buibui halikauki jasho, wakasema Mama Hamdiya safari hii kapandwa na shetani la matembezi. Mwanamke aliyekaa Kariakoo miaka yote bila kuvuka hata kwenda Kigamboni, leo ndiye anataka kuwapangia wenzake pa kwenda kula pilau. Wala hawakukosea sana.

Maana mambo yenyewe yalikuwa ya pilau. Kila mwaka Ramadhani inapokaribia, wanawake wa mtaa ule hutoka pamoja kwenda kuvunja jungu: siku moja ya kula, kuimba na kupunga upepo mbali na majumba yao, kabla mwezi haujaandama na watu hawajafunga vinywa. Mkubwa wao alikuwa Bi Kuruthumu, mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuamuru. Vikao vyote vilikuwa uani kwake, na kwa kawaida alikuwa ameshaamua kabla watu hawajakaa. Mwaka ule alikuwa ameamua Mjimwema.

“Mjimwema tumekuchoka,” Azza akasema.

Wanawake wote wakageuka kumtazama. Azza hajakuchoka Mjimwema, hajawahi kwenda.

“Twendeni Msasani,” akaendelea, kabla aibu haijamkamata.

“Msasani kuna nini?”

Basi hapo akafunguka. Akawaeleza ghuba ilivyo. Maji yake yamekingwa na visiwa, hayana mawimbi ya kumtisha mtoto. Mchanga mweupe, unakaa bila jamvi. Minazi imeinama mpaka ufukweni, kivuli ni cha kuchagua. Mbele yako kisiwa cha Bongoyo, ukigeuza shingo kidogo unakiona cha Mbudya, na upepo unakuja wenyewe kifuani bila kuitwa. Samaki unanunua angali anarukaruka. Na siku hizi njia imekuwa fupi, daraja la Selander limekwishajengwa; lori linakatiza Upanga, linavuka mkono wa bahari juu kwa juu, mnafika kanga zenu hazijakunjika.

“Wewe Msasani umeiona lini?” Bi Kuruthumu akauliza.

“Nimesimuliwa.”

“Na nani?”

“Na watu.”

Wakamcheka mpaka Sitara, jirani wa mlango wa pili, akapaliwa na tambuu. Lakini Bi Kuruthumu hakucheka. Alimtazama Azza kwa muda, kwani Kariakoo nzima ilijua nani anakaa Msasani, na mtu akitaka kujifanya hajui, hiyo ni hisani yake. Akapiga goti lake kwa kofi.

“Haya, Msasani. Ila samaki akikosekana, tutakukaanga wewe.”

Aliyekuwa akikaa Msasani ni Hamdiya, binti wa pekee wa Azza. Aliolewa huko na Mwinshehe, mkwezi wa minazi, kijana wa Kizaramo mwenye vigimbi vigumu na maneno machache, aliyekuwa akileta nazi dukani kwa baba yake Hamdiya. Baba mwenyewe, Humoud, alikuwa Mwarabu mzaliwa wa Dar es Salaam. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: kahawa, tende, iliki na bizari. Halikuwa duka la kumtambia mtu, lakini Humoud alikuwa amempangia binti yake mume mwenye duka kubwa kuliko hilo, na binti akasema hapana, namtaka yule anayepanda minazi. Wakavutana karibu mwaka. Mwisho Humoud aliketi mbele ya shekhe, akamwoza kwa mkono wake kama sheria inavyotaka, akainuka bila kugusa halua.

“Mume umempata,” alimwambia Hamdiya. “Baba usimtafute.”

Akapitisha amri kwamba mguu wao usivuke kizingiti chake, wala mguu wa mkewe usikanyage kwao. Laiti angekuwa mgomvi! Mgomvi unagombana naye mkamaliza. Humoud alikuwa mpole, wa sala zote msikitini, hajawahi kumnyanyulia Azza sauti wala mkono. Neno lake lilikuwa moja tu, na likishatoka halirudi. Jina la Hamdiya halikutajwa tena nyumbani. Na kwa kuwa mke huitwa kwa jina la mwanawe, Humoud aliacha kumwita Azza “Mama Hamdiya”, akawa anamwita “wewe”. Azza aliumia kwa hilo kuliko kwa ile amri yenyewe.

Habari zilikuwa zikimfikia sokoni. Siwema, mwanamke wa Msasani aliyekuwa akileta madafu Kariakoo, ndiye aliyemsimulia ile ghuba yote, mchanga na visiwa. Ndiye pia aliyemwinamia sikioni siku moja akamwambia Hamdiya amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Azza alicheka na kulia palepale kati ya mafungu ya mchicha. Mara ya pili Siwema alikuja na habari mbaya: Mwinshehe amepata kazi kwenye mashamba ya minazi ya Mafia, na wiki ya kwanza ya mfungo anahama na mkewe na mtoto. Mafia! Huko mtu akienda, mnaonana kwa kudra tu.

Ndiyo maana Azza hakuwa akikalika. Ramadhani ikishaingia, mke wa Humoud hana udhuru wa kutoka Kariakoo kwenda kokote. Siku aliyokuwa nayo ni moja tu, ya kuvunja jungu, nayo alikuwa ameiombea ruhusa.

“Wanawake wanakwenda wapi mwaka huu?” Humoud alikuwa ameuliza, huku akipima kahawa ya mteja.

Azza angeweza kusema Mjimwema. Neno lilifika mdomoni kabisa. “Msasani,” akasema.

Humoud alimalizia kupima kahawa, akaifunga, akampa mteja. “Nenda,” akasema. Azza hakujua aichukue ruhusa ile au aiogope.

Sasa sikia mambo ya vuli. Siku waliyoipanga, mbingu ilifunguka tangu alfajiri. Jangwani ikajaa maji, nyasi zote zikazama, na lori walilokodi, likiwa linatoka Morogoro, likakwama ng'ambo. Sufuria za pilau zikarudishwa ndani. Wanawake wakakaa barazani wakitazama mvua na kumtazama Azza, kana kwamba mvua nayo kaipanga yeye. Jioni maji yalipopungua, dereva alifika kwa miguu, matope hadi magotini. Aliitwa Kasmir, kijana wa Kichaga kutoka Kilimanjaro, mwenye adabu zake.

“Shikamooni mama zangu. Nafasi yangu iliyobaki ni keshokutwa tu. Baada ya hapo nina safari nyingine ya Morogoro na mzigo wa mwenye gari.”

Bi Kuruthumu akahesabu vidoleni, akafika mahali akasimama. Kesho ilikuwa tarehe ishirini na tisa ya Shaaban. Mwezi ukionekana kesho jioni, keshokutwa ni Ramadhani, pilau hakuna.

“Keshokutwa huenda tukawa tumefunga,” akamwambia.

“Huenda, au mtakuwa mmefunga?”

“Huenda, baba. Mpaka mwezi uonekane.”

Kasmir akajikuna kichwa. Kwao Krismasi ina tarehe yake, imeandikwa ukutani tangu Januari. Ilimshangaza kwamba mji mzima unaweza kuelekea usiku bila kujua kesho watu watakula au hawatakula. Lakini alikuwa kijana mstaarabu, akasema atakuja asubuhi na lori, wakiwa wamefunga atageuza.

Siku ya ishirini na tisa Azza hakuwa na mahali pa kujiweka. Alifua nguo zilizokwisha kufuliwa. Alikwenda kwa Sitara kuazima kinu, akarudi bila kinu. Kila mtu hapa mjini alikuwa akiomba mwezi uonekane mapema, Ramadhani ni mgeni anayesubiriwa, na yeye peke yake alikuwa akiomba usionekane, halafu anaomba msamaha kwa kuomba hivyo, halafu anarudia kuomba. Adhuhuri jua lilitoka kali, akanywea. Alasiri mawingu yakajikusanya upande wa magharibi, akapata nguvu ya kuosha mchele.

Jioni wanaume walitoka kama ilivyo desturi kwenda ukingoni mwa Jangwani, mahali pasipo nyumba wala mti wa kuzuia macho. Humoud alikuwa mbele yao. Macho yake yalikuwa na sifa mjini. Miaka kadhaa yeye ndiye aliyeuona mwezi kwanza na kuwaonyesha wenzake kwa kidole, na kwa mashekhe wa Kariakoo neno lake moja lilitosha. Hilo Azza alilijua, na ndilo lililokuwa likimkata maini. Alisimama uani akitazama kipande cha mbingu kilichobaki kati ya mapaa. Kilikuwa kijivu.

Magharibi ikapita. Akasikia wanaume wanarudi makundi makundi, wanazungumza kwa sauti, wengine wanacheka. Hakusikia kelele za watoto wala ngoma. Humoud hakuwa pamoja nao. Alifika baada ya muda mzuri, viatu vimelowa umande wa majani, akaketi juu ya jamvi na kuomba maji ya kunawa.

“Umeandama?” Azza akauliza. Sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine.

“Hakuna aliyetoa habari,” Humoud akasema. “Wingu lilifunga.”

Azza aliingia jikoni akaanza kupanga sufuria huku akicheka peke yake. Mtu mwenye furaha ya namna ile hachambui maneno aliyoambiwa, na yeye hakuyachambua.

Asubuhi nyumba ilinukia bizari mpaka barabarani. Azza alikaanga vitumbua, akala viwili palepale jikoni vingali vinachoma vidole, akabandika sufuria kubwa, akapanga mikate ya kumimina kwenye kikapu. Humoud alirudi kutoka msikitini akafungua duka. Azza akampelekea kahawa chungu. Bila kikombe kile Humoud hakuwahi kufungua hata gunia moja.

“Weka hapo,” akasema.

Akaweka. Akarudi na vitumbua. “Weka hapo,” akasema tena, bila kuinua macho kwenye mizani. Lori likapiga honi kwenye kona, wanawake wakaanza kuitana, na Azza alipopita dukani kuaga, kikapu mkononi, kahawa ilikuwa pale pale imefanya utando. Vitumbua vimekauka. Humoud akainama chini ya meza akatoa kifurushi: doti ya kanga mpya, na kikapu kidogo cha tende zile nzuri, zisizouzwa kwa kila mtu.

“Za mtoto,” akasema. “Na mama yake.”

Azza alitaka kusema ahsante, akatazama midomo ya mumewe. Ilikuwa mikavu. Hapo vitu vikaanza kujipanga vyenyewe kichwani mwake. Kabla ya alfajiri, katika usingizi, alikuwa amesikia mtungi unagongwa na kata, mtu anakunywa maji gizani. Jana wenzake walirudi, yeye akabaki ukingoni. Na lile jibu. Hakusema mwezi haukuonekana. Alisema hakuna aliyetoa habari.

Alifundishwa chuoni tangu mdogo, na kila mtoto wa Kiislamu wa pwani hii amefundishwa: anayeuona mwezi peke yake, hata dunia nzima isiuone, yeye imemlazimu kufunga.

“Bwana,” akasema polepole. “Wewe umeuona.”

“Gari linakungoja.”

“Neno lako lingetosha.”

“Linakungoja, Mama Hamdiya,” Humoud akasema, akageuka kupanga mifuko ya iliki ambayo ilikuwa imepangika.

Alipandaje lori, hakumbuki. Wanawake waliimba tangu Kariakoo mpaka darajani, Sitara anapiga kigoma, Bi Kuruthumu kakaa mbele na Kasmir anamfundisha njia asiyoijua. Azza alikaa juu ya mkeka wake akiwatazama wanavyotafuna bisi, na kila aliyetafuna alimchoma. Neno moja tu kutoka kwake, na lori lingegeuzwa, vinywa vingefungwa. Ilikuwa Ramadhani, naye alijua, na mumewe alijua, na mji mzima ulikuwa unakula kwa kunyamaza kwa mtu mmoja. Kama ni kosa, na ni kosa, Humoud alijitwika mwenyewe, mtu asiyepunguza hata punje kwenye mizani. Azza alifumbua mdomo mara mbili. Mara zote mbili akamwona Hamdiya moyoni, akaufunga. Sasa walikuwa wawili kwenye mzigo ule.

Ghuba ilikuwa kama alivyoisema, maskini, bila kuiona. Maji yalikuwa yametulia, visiwa viko mahali pake. Wenzake wakampongeza, wakatandika, wakabandika sufuria chini ya minazi. Bi Kuruthumu akamsogelea akamnong'oneza, “Nyumba ya tatu baada ya kisima. Nenda, wewe mwanamke, unangoja nini?”

Hamdiya alikuwa akifagia uwanja. Alimwona mama yake, ufagio ukamdondoka. Nini cha kueleza hapo? Walishikana, wakaachana wakatazamana, wakashikana tena. Mtoto alikuwa amelala ndani ya chandarua; alipoletwa alifungua jicho moja, akamtazama bibi yake kwa uzito, akapiga chafya. Azza akalia kwa sauti, bila haya, mpaka Mwinshehe aliyekuwa akisuka kamba nje akaja mlangoni kuona kama kuna msiba.

“Shikamoo mama,” akasema.

“Marahaba, mwanangu,” Azza akajibu. Lilikuwa neno lake la kwanza kumpa yule kijana tangu ndoa.

Baadaye Bi Kuruthumu akaleta sinia ya pilau mpaka pale nyumbani, mnofu umejaa juu. Hamdiya akanawa, akamega. Azza hakunyoosha mkono. Alikuwa ameshakula asubuhi, kujizuia kwake kusingehesabiwa popote, na alilijua hilo. Mkono tu haukwenda.

“Mama, huli?”

“Kula wewe, unanyonyesha.”

Hamdiya akala matonge mawili, akaangalia ile doti ya kanga iliyofunuliwa kitandani. “Hizi kanga umechagua wewe?”

“Baba yako.”

Binti akaacha kutafuna. Akaugusa upindo wa kanga. “Bado ana hasira na mimi?”

“Baba yako leo amefunga,” Azza akasema.

“Amefunga nini? Mwezi haujaandama.”

“Kwake umeandama.”

Hamdiya alikuwa mtoto aliyebebwa juu ya mabega ya mtu yule kila mwaka kwenda kutafuta mwezi. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alitazama mlangoni, akatazama mtoto. Akaisogeza sinia pembeni, akaifunika.

“Lori linarudi saa ngapi?”

“Linatakiwa lifike kabla ya magharibi.”

“Basi nishikie mtoto,” Hamdiya akasema, na alikuwa ameshasimama. “Nimpikie futari.”

Akamenya muhogo kwa haraka, akakalia mbuzi, akakuna nazi huku machozi yakimtiririka na hana mkono wa kuyafuta. Mwinshehe naye akaacha kusuka kamba zake. Alikikaza kitanzi cha kamba miguuni, akapanda mnazi wa karibu na jiko, akateremka na dafu moja changa, akalichonga vizuri sehemu ya juu ili lisimwagike njiani.

Jioni ile watu wote wa Kariakoo walikuwa nje wakitazama magharibi, ingawa Shaaban ilikuwa imetimia na hakuna tena aliyekuwa na shaka. Humoud hakutoka. Alikuwa amekaa juu ya jamvi, mgongo ukutani, uso umechoka. Azza akaweka bakuli mbele yake, akaweka na dafu.

“Umepika saa ngapi, na umeshinda safarini?”

“Sikupika mimi.”

Humoud akalitazama dafu, jinsi lilivyochongwa. Adhana ikaanza. Akasema bismillahi, akanywa, akanywa tena mpaka likaisha. Kisha akala muhogo ule taratibu, hakuinua kichwa, mpaka akafuta bakuli kwa kidole.

“Chumvi imezidi,” akasema. Akamrudishia Azza bakuli tupu. “Chumvi imezidi. Tangu mdogo namwambia.”